Majeneza Mawili Katika Taarifa ya Benki

Jumatano, tarehe kumi na moja Machi. Manyunyu yalianza alfajiri, na hadi saa tatu asubuhi hayakuwa na dalili ya kukoma. Magodoro mapya hayakutolewa nje kupigwa upepo. Washonaji wote walibaki ndani ya kiwanda, wamekaa juu ya marobota ya vitambaa, sindano zimesimama, masikio yameelekea mlango wa ofisi.

Walikuwa na sababu, msomaji. Wiki iliyopita tulimwacha Mhasibu mbele ya kompyuta, kidole hewani, macho yamemtoka. Benki ilikuwa imeleta faili la kwanza la taarifa ya akaunti kwa ule mtindo mpya. Mhasibu alilifungua kwa jina la Mungu, kama afunguavyo kila kitu, na mstari wa kwanza kabisa ukasomeka hivi:

FEDHA ZILIZOTOKA: JENEZA, MBAO NGUMU, LA MKE WANGU.

Sasa, akaunti ya kiwanda hicho cha magodoro ina watu wawili tu wenye ruhusa ya kutoa fedha. Wa kwanza ni Shangazi, mwenye kiwanda. Wa pili ni mume wake. Kwa hiyo mke aliyetajwa hapo alikuwa mmoja tu duniani, na mke huyo alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mhasibu, mzima wa afya, kikombe cha chai mkononi.

"Soma tena," alisema Shangazi.

"Shangazi, huenda ni makosa ya..."

"Nimesema soma, mwanangu."

Mhasibu akasoma.

"Haya. Mstari wa pili."

Mhasibu aliutazama mstari wa pili, akafumba macho, akamwomba Mungu aubadilishe. Alipoyafumbua ulikuwa palepale.

"Fedha zilizotoka," alisoma kwa kunong'ona. "Jeneza. Mbao ngumu. La mke wangu."

"Huo ni wa kwanza."

"Ni wa pili, Shangazi. Yako mawili."

Kikombe kilitua juu ya meza kwa kishindo.

"Mawili? Mimi nina miili mingapi?"

Lazima ufahamu, msomaji, kwa nini Shangazi aliamini kila neno. Zamani benki mbili za kiwanda zilileta taarifa kila moja kwa mtindo wake. Moja iliweka tarehe mwanzoni, nyingine mwishoni. Moja iliandika fedha zilizotoka kwa wino mwekundu, nyingine iliweka kijistari mbele ya tarakimu, kijistari chembamba ambacho hata inzi angekifunika. Mhasibu alikuwa akimaliza siku nzima kuzioanisha huku akiomba subira.

Sasa benki zote zimekubaliana muundo mmoja. Faili linaingia lenyewe kwenye kompyuta asubuhi, programu inalisoma yenyewe, mstari kwa mstari. "Hakuna tena mkono wa mtu wa kukosea," Fundi wa Benki alikuwa amemwambia Shangazi, na Shangazi aliyashika maneno hayo kama aya.

"Hakuna mkono wa mtu wa kukosea," alisema sasa, polepole. "Basi ni kweli. Ananizika."

Na ni wakati huohuo mlango ulipofunguka, akaingia mume wake, na mkononi ameshika kisu kirefu kuliko mkono wake.

Shangazi alipiga yowe. Washonaji nao wakapiga yowe, ingawa hawakujua la nini.

Kilikuwa kisu cha kukatia sponji. Ndiyo kazi yake, kupima na kukata sponji za magodoro. Watu walimwita Kimya, kwa sababu hata siku ya harusi yake mwenyewe alijibu kwa kutikisa kichwa. Hakuwa bubu wala mwenye kiburi. Mungu alimpa mikono iliyonyooka kuliko rula, lakini kwenye maneno alimpimia kidogo.

"Weka hicho kisu chini!" Shangazi alijificha nyuma ya mgongo wa Mhasibu.

Kimya akakiweka chini.

"Kisukume mbali!"

Kimya akakisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Jeneza la nani hili?"

Kimya aliinama mbele ya kompyuta. Alisoma. Masikio yake yalibadilika rangi.

Mhasibu alishika kingo za kiti. Mtu huyu ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi wake. Ndiye aliyemfundisha kujumlisha kwa vipande vya sponji sakafuni, bila kumkaripia hata siku moja. Hakumwita mume wa shangazi, alimwita baba. "Mungu wangu," aliomba kimoyomoyo, "mpe huyu baba maneno. Hata matano yatatosha."

"Si kama unavyofikiri," alisema Kimya.

Matatu. Mhasibu alishukuru kwa hayo, akaendelea kusubiri mawili yaliyobaki. Hayakuja.

Alikuja Bi Mgeni badala yake.

Bi Mgeni ni dada mkubwa wa Shangazi. Alikuja kusalimia kwa wiki moja, na tangu hapo amekwisha kubadilisha mapazia ya chumba cha wageni mara mbili. Jina la Bi Mgeni alipewa na washonaji, na wanalitumia akiwa hayupo tu.

"Nini, mdogo wangu? Nimesikia kelele nikiwa bado najipaka mafuta."

"Dada, nimenunuliwa majeneza."

"Majeneza!" Bi Mgeni alivuta kiti, akakaa, akatandaza kanga yake vizuri magotini kama mtu aliyefika ukumbini kabla ya pazia kufunguliwa. "Nilikuambia au sikukuambia? Mwanamume asiyesema, muda wote ule anapanga. Binti, endelea kusoma. Tusikie yote."

"Ningeshauri kwanza tuipigie benki simu," alisema Mhasibu.

"Soma!" walisema madada wawili kwa pamoja.

Mstari wa tatu: TARUMBETA MOJA, YA SHABA.

Kila mtu alimgeukia Kimya. Kimya alitazama dari.

"Tarumbeta," Shangazi alirudia. "Mtu asiyeweza kusema 'nipitishie chumvi' ananunua tarumbeta. Bei gani?"

Mhasibu alitaja bei kwa sauti ya chini sana.

"Na jeneza bei gani? Lile moja."

Mhasibu akataja, kwa sauti ya chini zaidi.

Ofisi nzima ilifanya hesabu kichwani. Washonaji mlangoni nao walifanya hesabu. Mmoja wao akaguna.

"Tarumbeta ni ghali kuliko mimi!" Shangazi alifoka kwa sauti iliyotingisha vioo vya madirisha. "Mnaona? Kuniua sawa, lakini kwa bei ya chee!"

"Mstari wa nne," alisema Bi Mgeni, macho yanang'aa.

Mstari wa nne: TIKETI YA NDEGE, MTU MMOJA, KWENDA TU.

Manyunyu yalisikika juu ya bati.

"Basi picha imekamilika," alisema Bi Mgeni. "Anakuzika, anapiga tarumbeta, anapanda ndege."

"Na jeneza la pili?" aliuliza mshonaji mmoja kutoka mlangoni.

"La akiba."

Shangazi alinyoosha kidole kuelekea kwa mume wake. Mhasibu aliyemjua Shangazi tangu utotoni aliona kwamba alikuwa na uchungu kuliko hasira.

"Saa sita mchana isikukute nyumbani kwangu wala kiwandani kwangu. Umenielewa? Miaka yote nimelala ubavuni mwako nikidhani ukimya wako ni amani. Kumbe ulikuwa unachagua mbao. Nani ataleta begi lake?"

"Mimi!" alisema Bi Mgeni, na alikuwa amekwisha kufika kwenye ngazi za kupandia nyumbani, juu ya ofisi.

Mhasibu alinyakua simu.

*

Fundi wa Benki alifika kwa pikipiki, tai imelowa, mkoba wa kompyuta ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ni kijana anayependa muundo mpya wa taarifa za benki kama wenzake wanavyopenda mpira.

"Limefika!" alisema kabla hata ya kujifuta maji. "Faili limefika, siyo? Na limefunguka! Ah, nilijua tu!"

"Kaka," Mhasibu alimvuta mkono, "limefika na majeneza mawili."

"Majeneza?" Fundi wa Benki aliinamia kioo. Uso ukamtulia. Akacheka. "Aaa! Hili ni la majaribio, dada. Hakuna fedha iliyotoka hapa. Hata senti. Miamala yote hii ni ya kubuni."

Mhasibu alishukuru kimoyomoyo. Asante, Mungu wangu, asante.

"Shangazi! Umesikia? Ni ya kubuni!"

"Na kwa nini hukusema ni majaribio?" Shangazi alimkazia kijana macho.

"Nilituma ujumbe, mama. Jana jioni. Huu hapa." Alitoa simu, akaipekua. "Umebaki humuhumu. Sikubonyeza kutuma."

"Hakuna mkono wa mtu wa kukosea," alisema Shangazi.

"Hiyo ni kwenye faili, mama. Kwenye simu mkono bado upo." Fundi alijitahidi kutabasamu. "Lakini kumbukeni uzuri wake! Muundo ni mmoja. Benki hii, benki ile, zote zinasomeka sawasawa!"

Bi Mgeni alikuwa amerudi na begi la Kimya, na begi lilikuwa limefungwa vizuri sana kwa kazi ya muda mfupi.

"Benki zote?" aliuliza. "Yaani benki zote zinalijua jeneza la mdogo wangu?"

"Hapana, mama, muundo tu ndio..."

"Wametutangaza!"

Shangazi aliinua mkono.

"Kijana. Haya mambo ya kubuni, nani aliyeyabuni? Wewe?"

Hapo, msomaji, Mhasibu angeweza kumziba Fundi wa Benki mdomo kwa kipande cha sponji, kama angejua kinachokuja.

"Hapana, mama. Ni nyinyi wenyewe. Tuliwaomba wateja watuandikie miamala ya mfano, ili tusichezee fedha zao za kweli. Nilipokea ya kwenu wiki ile dada huyu Mhasibu alipokwenda kung'olewa jino. Ilijazwa vizuri sana. Mwandiko umenyooka kama rula."

Vichwa vyote viligeuka, taratibu, kuelekea kwa Kimya.

"Ni wewe?" aliuliza Shangazi.

Kimya alitikisa kichwa. Ndiyo.

"Walikuambia ubuni?"

Ndiyo.

"Duniani kuna mambo mangapi ya kubuni? Kuna nyuzi, kuna vitambaa, kuna umeme, kuna kodi. Wewe ukaambiwa 'buni', moyo wako ukaenda moja kwa moja kwenye jeneza langu?"

Kimya hakutikisa chochote.

"Afadhali ungeiba," alisema Shangazi, na sauti yake ilishuka, jambo ambalo liliwatisha washonaji kuliko yowe. "Mtu akiiba, fedha zinahesabiwa, zinarudi. Fedha hizi ni za kubuni, nimekubali. Na nia je? Nia nayo ni ya kubuni?"

Mhasibu alimtazama Fundi wa Benki. Fundi wa Benki alitazama viatu vyake. Yale maelezo yaliyokuja kumwokoa Kimya ndiyo yaliyokuwa yamemmaliza.

Kimya aliinama, akachukua begi. Alimpitia Mhasibu, akamgusa begani kidogo tu, kama alivyomgusa zamani alipopata jumla sahihi. Kisha akatoka. Walimwona kupitia dirishani akivuka uwanja wa kiwanda kwenye manyunyu, hana mwavuli, anaelekea getini.

"Na begi lenyewe ni langu," alisema Bi Mgeni, "lakini nimemsamehe."

*

Mhasibu alirudi mbele ya kompyuta kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Machozi yalimchurura. Chini kabisa ya kioo kulikuwa na maandishi mekundu ambayo mpaka wakati huo hakuna aliyeyajali:

FAILI HALIJAKUBALIWA. SALIO HALILINGANI.

"Kaka," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Mbona limekataliwa?"

"Limekataliwa?" Fundi wa Benki aliruka. "Haiwezekani. Salio la kuanzia, toa zilizotoka, jumlisha zilizoingia, lazima lije salio la mwisho. Nimehakiki mwenyewe!"

"Kuna tofauti."

"Kiasi gani?"

Mhasibu aliisoma ile tofauti. Halafu, kwa mazoea ya kazi tu, bila matumaini yoyote, alifanya kile ambacho kila mhasibu hufanya hesabu inapokataa. Aliigawa kwa mbili. Tofauti ikigawanyika kwa mbili, unatafuta mstari wenye kiasi hicho, kwa maana huenda kitu cha kuingia kimeandikwa upande wa kutoka.

Aliitazama nusu ile. Akautazama mstari wa pili.

Ilikuwa bei ya jeneza. Kamili.

"Kaka! Jeneza la pili halikutoka. Limeingia!"

"Limeingia wapi?" Shangazi aliuliza kwa hofu, akitazama nyuma yake.

Fundi wa Benki alikuwa amekwisha kufungua faili lenyewe, yale maandishi ghafi ambayo programu husoma kabla ya kuyapanga. Alifuata kwa kidole. Mstari wa kwanza ulikuwa na alama ya kutoka. Mstari wa pili ulikuwa na alama ya kutoka pia, lakini mbele yake palikuwa na herufi moja zaidi.

"Hii ni alama ya marejesho," alisema taratibu. "Muamala uliofutwa na fedha zikarudi. Nilipoweka programu hii sikuiambia... sikuiambia kuhusu marejesho." Aliinuka. Uso uling'aa. "Nimekosea! Jamani, nimekosea! Ndiyo maana tunafanya majaribio! Kosa zuri kama nini! Ofisini watafurahi!"

Alimkumbatia mshonaji aliyekuwa karibu. Mshonaji alimsukuma.

"Ngoja kwanza kufurahi," alisema Mhasibu. "Ile fomu mliyowapa wateja ilitaka nini hasa?"

"Kila aina moja. Manunuzi ya dukani, malipo ya safari, na kadhalika. Na muamala mmoja wa kurudishwa. Yaani kitu ulichokilipia, kisha kikafutwa kabisa, kama hakijatokea."

Mhasibu hakusubiri neno la pili. Alitoka mbio, akapita kati ya marobota, akavuka uwanja, maji yakimrukia mpaka magotini.

"Baba! Baba, simama!"

Kimya alikuwa ameshika komeo la geti.

Mhasibu alimrudisha kwa kumvuta mkono, begi na yote, mpaka mbele ya Shangazi. Washonaji sasa walikuwa wameingia ofisini, hakuna aliyejifanya kushona tena.

"Baba," alisema Mhasibu, akihema, "fomu ilisema uandike kitu kimoja cha kufutwa. Ukaandika jeneza. Kwa nini jeneza?"

Kimya alimtazama mke wake. Maji yalikuwa yakimtiririka puani. Mhasibu aliomba tena, na safari hii hakutaja idadi.

"Nilikaa na fomu ile mchana kutwa," alisema Kimya. Sauti yake ilikwaruza, kama mlango usiofunguliwa mara nyingi. "Nikajiuliza, ni kitu gani ambacho nikikilipia siku moja, nitatamani waniambie samahani, ilikuwa makosa, chukua fedha zako, hakikutokea. Nikafikiri magodoro. Nikafikiri nyumba kuungua. Hapana. Nyumba tungejenga nyingine." Alimsogelea mke wake hatua moja. "Kilikuwa kimoja tu."

Mshonaji aliyemsukuma Fundi wa Benki alimshika sasa mkono bila kujijua.

Shangazi alikaa. Hapakuwa na kiti. Alikaa juu ya sponji, na sponji ikambonyea polepole mpaka chini.

"Na bei ile?" aliuliza, akijifuta macho kwa hasira. "Mbona rahisi?"

"Niliulizia nikiwa barabarani. Sikutaka kuingia dukani kwao."

"Mjinga wewe."

Ndiyo, alitikisa Kimya.

"Na tarumbeta?"

"Wewe ulisema. Tulipokuwa wachumba. Ukasema nikitaka kukuita ninunue tarumbeta, maana sauti yangu haifiki."

Shangazi alicheka huku akilia, akanyoosha mikono ainuliwe kutoka kwenye sponji, na Kimya akamwinua. Fundi wa Benki alirekebisha ile alama kwenye programu, akabonyeza, na yale maandishi mekundu yakageuka kijani: SALIO LINALINGANA. Washonaji walipiga makofi, ingawa haikujulikana wanaipigia programu au ndoa.

Mhasibu alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa urefu.

Ningependa kukuacha hapo, msomaji, ukalale vizuri. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa hajapiga makofi.

"Na tiketi?" aliuliza Bi Mgeni.

Makofi yalikatika.

"Ni mfano tu, mama," Fundi wa Benki aliwahi. "Malipo ya safari. Ya kubuni kabisa."

"Sijakuuliza wewe, mtoto wa watu. Namuuliza huyu. Ametueleza jeneza, ametueleza tarumbeta, kila kitu kina mwenyewe. Tiketi ya mtu mmoja, kwenda tu, ni ya nani?"

Mhasibu alimtazama Kimya kwa macho ya kusihi. Aliomba kwa bidii kuliko mara zote, na mara hii aliomba kinyume: Mungu wangu, mnyang'anye maneno. Mnyang'anye yote.

Lakini Kimya alikuwa ameonja kusema, na alikuwa ameona matunda yake.

"Ni yako, shemeji," alisema.

Bi Mgeni alisimama. Kiti kilianguka.

"Mmesikia? Mmesikia, nyote? Nafukuzwa! Mimi, dada wa kuzaliwa naye! Nafukuzwa kupitia benki!"

"Benki haihusiki kwa namna yoyote," alisema Fundi wa Benki.

"Mdogo wangu, chagua. Sasa hivi, mbele ya watu hawa. Mimi au yeye. Begi liko tayari, na nimekwisha kusema ni langu!"

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mabega yalikuwa yakimtingishika. Bi Mgeni alidhani analia, akamsogelea kumfariji, kisha akaona vizuri.

"Unacheka!"

"Sicheki, Dada." Shangazi alivuta pumzi ndefu, akajikaza, akageukia mume wake. Kicheko kilimwisha usoni, na kilichobaki kilikuwa kitu kizito zaidi. "Dada, hakuna atakayeondoka leo kwa jambo lililobuniwa kwenye fomu. Ila wewe, Kimya, nusura nikutoe kwangu leo kwa kitu ambacho ungeniambia kwa mdomo ningekulilia shingoni. Nimejua moyo wako kutoka kwa kijana wa pikipiki. Sitaki tena. Ukitaka kukaa kwangu, ahidi hapa, wote wakisikia. Yaliyomo moyoni utaniambia mimi."

"Asiahidi kitu!" alisema Bi Mgeni haraka, haraka mno. "Mtu mzima haahidishwi ovyo. Aliyezoea kunyamaza aachwe anyamaze, ndivyo Mungu alivyomuumba."

Kila mtu alimshangaa. Ni yeye aliyekuwa akimsema vibaya kwa ukimya huo tangu alipowasili.

Kimya aliweka begi chini. Alivua kofia iliyolowa. Aliwatazama washonaji mmoja mmoja, akamtazama Fundi wa Benki, akamtazama Mhasibu, na mwisho akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu, mpaka Bi Mgeni akashika ukingo wa meza.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote naahidi," alisema, na safari hii sauti yake ilifika mpaka mlangoni, "kuanzia kesho asubuhi, kila kilicho moyoni mwangu nitamwambia mke wangu kwa mdomo wangu. Na la kwanza nitakalomwambia, kabla chai haijamiminwa, ni kile nilichomwona shemeji akikishona ndani ya godoro juzi, stoo, alipodhani mimi ni rundo la sponji."